Ng'ombe Wanne wa Mama Aminiel

Sehemu ya Saba

Nyote mlioniandikia barua za kunikaripia kwa sababu nilimwacha mama wa watu amesimama mbele ya Mzungu bila jibu, haya, karibuni ndani. Bado amesimama palepale. Wiki nzima hakuna aliyempa hata kiti.

"Nakuuliza mara ya pili, mama," alisema Mzungu huyo, Bwana Elimu. "Karani wangu amepanda milima mpaka nyumbani kwako. Ameona ng'ombe wanne zizini. Wewe unaomba basari ya kumsomesha mwanao, unasema ni mjane huna kitu. Wale ng'ombe ni wa nani?"

Eliwaza, ndiye Mama Aminiel, alitazama mezani. Kulia kwa Mzungu alikaa Karani Andrea, kalamu mkononi. Kushoto, ndani ya koti jeusi la kanisani, alikaa Mzee Fanueli, mjumbe wa kamati.

Na hao ng'ombe wanne walikuwa wa Mzee Fanueli.

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, sikiliza upesi. Huku Upare mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Huyu anampa wawili, yule watatu, wamtunzie. Mtunzaji ananywa maziwa na kubeba samadi shambani. Ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, na mwenyewe hatajwi. Anakwepa kodi, anakwepa ndugu wenye shida, wengine wanamkwepa hata mke. Mtunzaji akimtaja, zizi lake litabaki tupu, na mlima mzima hakuna atakayemwamini tena hata na kuku.

Eliwaza na marehemu mumewe Anaeli waliapa hivyo juu ya kibuyu cha dengelua, ile pombe ya miwa, ingawa Jumapili wote walikuwa kanisani wanaimba. Kisha Anaeli akafa, akamwachia mkewe watoto wawili. Maziwa ya ng'ombe wale ndiyo yaliyomkuza Dorkas, aliyekuwa bado ananyonya. Eliwaza hakuusahau wema huo hata siku moja.

Lakini sasa Aminiel, kifungua mimba wake, alikuwa ameitwa chuo cha Makerere, kule Uganda. Chuo kinafunguliwa wiki ijayo. Akikosa basari leo, nafasi inakwenda kwa mwingine, naye anarudi mlimani kupalilia kahawa za watu. Hilo tu ndilo lililomshusha mama huyu mpaka Same, na miguu yake ikiwa imevimba.

"Si wangu, Bwana," alisema Eliwaza.

"Ni wa nani?"

"Nimepewa kutunza."

"Na nani?"

Eliwaza alimwangalia Mzee Fanueli. Alimwangalia hasa, macho kwa macho. Sema, mzee. Neno moja tu.

Mzee Fanueli alikohoa, akanyoosha koti.

"Bwana," alisema, "mimi natoka mlima mmoja na mama huyu. Ng'ombe wale nawajua. Ni urithi wa marehemu mumewe. Wanawake wetu wana haya, hawapendi kutaja mali mbele za watu."

Loo! Hata mimi ninayesimulia nilishika kichwa.

"Kumbe ni wako, mama," alisema Bwana Elimu, na uso wake ukabadilika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria, na mtu wa sheria ukimdanganya anaumia kuliko aliyeibiwa. "Basari ni ya maskini. Mwenye ng'ombe wanne anamlipia mwanawe mwenyewe."

"Bwana, nakuapia kwa Mungu!"

"Basi mlete mwenye ng'ombe. Mimi naondoka na treni ya leo kwenda Moshi. Asimame hapa kabla haijafika, aseme kwa mdomo wake kwamba ni wake, na mwanao atakwenda chuoni. Asipokuja, nimemaliza. Toka nje ukafikiri."

Aende amlete wapi, na mtu mwenyewe amekaa pale anafuta miwani?

Nje jua la Same lilikuwa limeshika moto na vumbi linapita kama lina safari. Aminiel aliinuka kwenye ngazi. Alikuwa amevaa shati la kuazima, limembana mabegani.

"Mama, wamekubali?"

"Wameuliza ng'ombe."

Aminiel alitabasamu. Alitabasamu, jamani!

"Nilijua watauliza. Siku karani alipokuja, wewe ulikuwa umekwenda kukata majani. Nikampeleka zizini mwenyewe. Nikamwambia, hawa wote wanne ni wetu, baba alituachia. Sikutaka atuone watu ovyo, mama. Nilifikiri wakijua tuna heshima yetu watatupa upesi."

Eliwaza alikaa chini, pale pale vumbini.

Hakuweza kumgombeza. Angemgombezaje? Watoto wa mtunzaji hawaambiwi, maana watoto wana midomo. Aminiel alikuwa amekua akiwakatia majani ng'ombe wale, akiwapa majina, akiamini kila asubuhi kwamba ni wa baba yake. Kosa hili mama alilipika mwenyewe kwa kunyamaza, miaka yote hiyo, na leo limeiva.

"Si wetu, mwanangu."

"Nini si wetu?"

"Ng'ombe. Hata mmoja."

"Hata Sikitu?" Sauti ya kijana ilipasuka. "Sikitu nimemzalisha kwa mikono yangu!"

"Hata Sikitu."

Aminiel alisimama akimtazama mama yake, na mama akaona kitu kikizimika usoni mwa mwanawe. Mama hakuwa ameumia vile tangu siku ya kumzika Anaeli.

"Basi mtaje mwenyewe. Mama, mtaje! Ni nani?"

"Niliapa na baba yako."

"Baba amekufa!"

"Ndiyo maana siwezi kumwomba aniachilie."

Mlango wa ofisi ulifunguliwa. Mzee Fanueli alitoka, akapita mbele yao bila kugeuka, akazunguka nyuma ya jengo kwenye ua wa minyaa. Eliwaza aliinuka.

"Kaa hapa," alimwambia mwanawe. "Usinifuate."

Alimkuta mzee anatia ugoro puani.

"Shikamoo, Baba Eliufoo."

"Marahaba, Mama Aminiel. Hukupaswa kunifuata. Watatuona."

"Na watuone. Baba Eliufoo, nakuomba kwa jina la Mungu uliyenaye kanisani. Ingia useme ni wako. Sitaki kingine. Nitakutunzia mpaka nife, maziwa nikuletee mlangoni."

"Huwezi kuelewa."

"Nieleweshe."

Mzee alitazama huku na huku. "Mwaka juzi Eliufoo wangu alipata basari hii hii. Unajua alivyoipata? Nilisimama mbele ya kamati, nikashika Biblia, nikasema sina ng'ombe hata mmoja. Leo niseme ninao? Mwanangu atarudishwa kutoka Makerere kama mwizi. Kiti changu kitakwenda. Na mimi nitakwenda ndani, na uzee huu."

"Kwa hiyo mwanao asome na wangu alime."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

"Nilikulishia watoto," alisema mzee kwa ukali. "Dorkas angekuwa wapi bila maziwa yangu? Umesahau?"

Ilikuwa kweli, na Eliwaza alijua. Machozi yalimtoka bila sauti. Alipiga magoti penye mchanga wa moto, mbele ya ule ua wa minyaa, akamshika mzee mguu.

"Wachukue leo basi. Tuma watu sasa hivi wawatoe. Nitasema zizi ni tupu, waje waone."

"Karani ameshawaona, mwanao ameshasema, na mimi nimeshasema mbele ya Mzungu kwamba ni wako. Imekwisha, Mama Aminiel. Inuka, usinichafue suruali."

Eliwaza hakuinuka. Lakini aliacha kulia.

"Umesemaje?"

"Nimesema inuka."

"Kabla ya hapo. Ulisema mbele ya Mzungu ng'ombe ni wa nani?"

"Wako," alisema mzee kwa uchovu. "Wako, wako. Yaishe."

Eliwaza aliinuka taratibu, akakung'uta magoti. Wazo alilolipata lilimwogopesha, na kama kungekuwa na njia nyingine yoyote angeifuata. Haikuwapo. Alimwacha mzee amesimama na kikopo chake cha ugoro, akaingia ofisini bila kubisha hodi.

"Bwana," alisema, "nimefikiri. Mzee Fanueli amesema kweli. Ng'ombe ni wangu."

Aminiel, aliyekuwa amechungulia mlangoni, alipiga kelele. "Mama! Unatuua!"

"Nyamaza, Aminiel. Ng'ombe wote wanne ni wangu, Bwana, urithi wa mume wangu. Niliona haya. Nisamehe."

Bwana Elimu alitikisa kichwa. "Unajua basari umeikosa?"

"Najua, Bwana. Ila naomba kitu kimoja. Karani aandike hayo maneno, na Mzee Fanueli aliyenishuhudia atie sahihi. Halafu nipewe kibali. Nataka kuwauza ng'ombe wangu mnadani, wote, nimpeleke mtoto chuoni."

Ehee! Mnaona sasa?

Mzee Fanueli alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Alisimama kizingitini kama aliyekanyaga siafu.

"Ni jambo la busara," alisema Bwana Elimu. "Mzee, njoo utie sahihi."

"Mimi?"

"Si wewe uliyesema unawajua?"

"Bwana, hao ng'ombe..."

"Hao ng'ombe wana nini?"

Eliwaza alimtazama mzee, na safari hii ni mzee aliyetazama chini. Angesema neno lile ambalo Eliwaza alimbembelezea kwa magoti, angepata ng'ombe wake na kumpoteza mwanawe. Jasho lilimchuruzika mpaka kwenye ukosi. Alikwenda mezani, akashika kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa. Karani Andrea akakausha wino, akampa Eliwaza kibali. Kwenye ombi la Aminiel akapiga muhuri: limekataliwa.

Eliwaza aliona aibu. Siwafichi, aliona aibu kubwa, maana alijua anachukua mali ya mtu, tena ya mtu aliyewahi kumfaa. Lakini alimtazama mwanawe ndani ya lile shati la kuazima, aibu ikakaa pembeni ikamsubiri. Kibali kilikuwa mkononi mwake. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi mpaka chini.

Hakuimaliza hiyo pumzi.

"Mama! Mama yuko wapi?"

Dorkas aliingia mbio, miguu mitupu, vumbi la mkonge mpaka kwenye nyusi. Binti alikuwa ameachwa nyumbani juu milimani, huko juu ya Makanya, kulinda mji. Nyuma yake dereva wa lori la mkonge alikuwa anapiga honi, anataka nauli yake.

"Dorkas! Nani amekufa?"

"Zizi ni tupu, mama. Wote wanne hawapo."

Eliwaza alishika ukingo wa meza. Basari imekwenda, ng'ombe wamekwenda, na mkononi ana kibali cha kuuza hewa.

"Nilikwenda ndivani, kwenye bwawa la mfereji, kufungulia maji, ilikuwa zamu yetu," Dorkas alieleza kwa kwikwi. "Kurudi, nakuta mlango wa zizi uko chini. Nikafuata kwato mpaka Makanya. Nikawakuta stesheni, mama, wanapandishwa kwenye behewa la mizigo. Sikitu alinitambua, akalia."

Eliwaza alimgeukia Mzee Fanueli. Kumbe alikuwa ameshatuma watu! Alipiga magoti bure, huku mzee anamtazama!

Lakini mzee naye alikuwa ameduwaa, mdomo wazi. Hakuigiza. Hata Eliwaza aliona hilo.

"Nani anawapandisha?" aliuliza Bwana Elimu. "Umemjua?"

"Namjua, Bwana."

"Mtaje."

"Ni kaka Eliufoo."

"Eliufoo gani?"

Dorkas alinyoosha kidole kwa woga. "Mtoto wa Mzee Fanueli."

"Mwongo!" Mzee Fanueli aliruka kama kijana. "Mtoto huyu ni mwongo! Eliufoo yuko Makerere anasoma! Fedha nampelekea mimi mwenyewe kila muhula!"

"Nimeongea naye, baba," alisema Dorkas, akilia. "Amevaa kofia na viatu vya rangi mbili. Nikamwambia, kaka, hao ng'ombe wa nyumbani unawapeleka wapi? Akacheka. Akasema chuo aliacha zamani, hakiwezi. Akasema anakwenda Nairobi, asitafutwe."

Mzee Fanueli alitafuta kiti kwa mkono, akakosa, akakaa sakafuni na koti lake la kanisani. Hakuna aliyecheka. Yule ambaye mzee alishika Biblia akadanganya kwa ajili yake alikuwa Makanya, anaswaga ng'ombe wa baba yake.

Bwana Elimu alimgeukia karani. "Tumekuwa tukimlipia nani, Andrea?"

Andrea aliinamia karatasi zake.

"Mwite koplo."

Koplo aliingia, akapiga saluti mpaka vumbi likaruka.

"Kuna kijana anaitwa Eliufoo Fanueli," alisema Bwana Elimu. "Amechukua ng'ombe wanne wa mama huyu bila ruhusa, na amewapakia Makanya. Treni ile ile inapita hapa Same. Nataka ashushwe."

"Ndiyo, Bwana. Wizi wa mifugo ni kifungo, Bwana."

"Bwana!" Mzee Fanueli alipaza sauti kutoka sakafuni. "Bwana, si mwizi! Hao ng'ombe..."

"Hao ng'ombe ni wa nani, mzee? Wino wa sahihi yako haujakauka vizuri."

Mzee alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale pale, jepesi tu. Wangu. Angelitamka, mwanawe asingekuwa mwizi, ila yeye mwenyewe angekwenda ndani kwa kiapo cha uongo. Sote tulimngojea. Midomo ikamchezacheza, kisha ikafunga.

Badala yake alitambaa. Mjumbe wa kamati, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe, alitambaa kwa magoti mpaka kwa Eliwaza akamshika kanga.

"Mama Aminiel," alinong'ona, "mwambie ulimtuma. Mwambie ulimpa kijana akuuzie. Neno moja tu, nakuomba. Mwanangu ni huyo mmoja."

Eliwaza alitazama kipara kile kilichoinama mbele yake. Akisema alimtuma, Eliufoo atakwenda zake Nairobi na ng'ombe, na Aminiel atarudi mlimani. Akisema hakumtuma, ng'ombe watashushwa, Aminiel atasoma, na mtoto wa aliyemlishia wanawe ataingia jela kwa kuchukua mali ya baba yake mwenyewe. Dorkas, aliyekuzwa na maziwa yale, alikuwa amejibana ubavuni kwake.

Mbali, upande wa Makanya, treni ililia.

"Mama," alisema koplo, "unamshtaki au humshtaki? Muda hakuna."

Aminiel alisimama mlangoni, mikono kando, anamtazama mama yake bila kumwomba, na huko kutoomba kwake ndiko kulikomkata Eliwaza maini.

Eliwaza aliuvuta upindo wa kanga yake kutoka mkononi mwa mzee. Ulitoka kwa shida, maana alikuwa ameushika kwa nguvu zake zote.

"Sikumtuma mtu. Twende stesheni," alisema.